Nta, Utambi na Jina la Mjukuu

Alhamisi, 13 Machi 1997

Leo nimepata akili. Naiandika haraka kabla haijapoa.

Padri Désiré ametangaza baada ya misa ya asubuhi: mshumaa mkubwa wa Pasaka hautafika mwaka huu. Ulikuwa uje kwa treni kupitia Sakania, mpakani. Treni haziji. Vita inashuka, mafuta hakuna, kila kitu kimekwama njiani. Ule wa mwaka jana umebaki kisiki tu. Watu wakaguna. Mimi sikuguna. Nilisimama, nikasema nitautengeneza mwenyewe, kwa nta ya nyuki, kama walivyofanya Wakristo wa zamani. Padri akafurahi. Akasema hata wimbo mkubwa wa Kilatini wa usiku wa Pasaka unawasifu nyuki. Nimelinda taa za ishara relini maisha yangu yote. Mtu aliyesimamisha magarimoshi kwa taa atashindwa na mshumaa?

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Kwenye mkesha wa Pasaka mjukuu wangu wa kwanza anabatizwa, mtoto wa binti yangu Annie. Mume wa Annie ni Paulin, kijana mzuri. Kosa lake moja ni baba yake: Vital Kambale, mtu wa Butembo, kule Kivu, muuzaji wa jumla. Sabuni, chumvi na mishumaa! Mishumaa myeupe ya Zambia, katoni juu ya katoni. Jina la ubatizo halijachaguliwa. Paulin anasema wazee tupatane. Mimi nataka Rigobert, jina langu. Yeye, bila shaka, anataka Vital. Sikuzaa mtoto wa kiume. Jina hili likikosa wa kulibeba safari hii, litazikwa nami. Linaniuma, na sijamwambia mtu.

Jioni nikaenda kwenye depo yake, nikampa changamoto kwa heshima zote za ukwe. Mshumaa wangu ukiwaka kuanzia moto wa nje ya kanisa hadi mwisho wa ule wimbo mkubwa, mtoto ni Rigobert. Ukizimika, atoe wake wa Zambia, na mtoto ni Vital. Akacheka hadi akakaa juu ya gunia la chumvi. Akakubali. Kisha akaniambia jambo la kwao.

"Lakini mukwe, kwetu mwanaume wa kwanza ni Mumbere. Ile haibishaniwe, ni nafasi yake ku mustari ya kuzaliwa. Tunaweza kubishania tu jina ya kanisa."

Sikumwelewa vizuri. Sikuuliza. Mtu mwerevu haombi maelezo kwa mpinzani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata nta. Mwaba, mama anayeuza asali sokoni, ameniuzia ndoo nzima ya masega yaliyokamuliwa. Rangi kama kahawa. Ndani kuna nyuki waliokufa, vijiti, asali kidogo iliyobaki. Akaniambia nichemshe kwanza na maji, nichuje kwa kitambaa, niache ipoe, halafu nikwangue uchafu wa chini. Nikamshukuru. Ushauri mzuri kwa watu wenye muda.

Nikaweka masega kwenye sufuria, sufuria juu ya mbabula, jiko letu la mkaa, makaa ya kutosha. Yakayeyuka vizuri sana. Kisha yakawaka moto. Moto mdogo! Nikaufunika kwa gazeti. Gazeti nalo likawaka. Mke wangu, Mama Annie, akatoka ndani na mfuniko, akazima, akaisogeza ndoo ya maji karibu na mbabula, akarudi ndani.

Nikamimina iliyobaki kwenye kopo la nyanya. Utambi: uzi wa gunia, imara, mweupe. Mchana nikawasha mbele ya majirani niliowaita mwenyewe. Mshumaa ukatema. Ukatema tena, tone likamfika jirani shavuni. Maji na asali vilikuwa bado ndani ya nta. Halafu uzi wa gunia ukajikunja, ukawa kidonge cheusi, ukazimika. Uzi wa gunia ni wa plastiki. Nani aliyejua?

Jirani aliniuliza kama huo ndio utakaomwangazia Yesu akitoka kaburini. Watu wa mtaa wetu wa Makomeno hawana adabu.

Jumatatu, 17 Machi

Redio inasema Kisangani imeanguka mikononi mwa waasi. Mjini watu wanatembea upesi na kuongea polepole. Maduka yanafunga mchana. Kila mtu ana habari, hakuna aliye na unga.

Mimi nimegundua mbinu mpya: kuchemsha masega na maji, kuyachuja kwa kitambaa, kuyaacha yapoe, kisha kukwangua uchafu wa chini. Imefaulu mara moja! Keki ya nta ikaelea juu, ya manjano kama kiini cha yai. Nilimwonyesha Mama Annie. Akasema si ndivyo Mwaba alivyoniambia? Nilimjibu kwamba Mwaba alisema kwa jumla.

Sasa nayeyusha sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Haiwaki. Kasoro moja tu, na si yangu. Saa ya kula Mama Annie akaweka bukari, ugali wetu, mezani, akanusa, akakaa akiniangalia.

"Baba Annie, hii bukari inanuka sacristie."

Nikamwambia kunuka kama chumba cha mavazi ya padri ni baraka. Nikala peke yangu.

Masega ambayo sijayasafisha, yenye asali bado, nimeyasukuma chini ya kitanda chetu ili asiyatupe. Nyuki wawili watatu wameshayagundua. Wanyama wenye bidii sana.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Yosefu Mtakatifu, fundi. Nikaona ni siku yangu.

Tatizo la leo: utambi. Pamba sasa, nimejifunza. Nikachana fulana yangu ya zamani, nikasuka mkia mnene. Nta ya nyuki ni nzito, inataka utambi wenye nguvu, hilo hata mtoto anajua. Ukawaka! Mwali mrefu, mkubwa, mzuri. Kisha moshi. Moshi mweusi, wa treni hasa. Nilikaa nikiukumbuka ujana wangu hadi niliposikia Mama Annie akikohoa chumbani. Dari ni nyeusi. Pazia ni jeusi. Picha ya arusi yetu, mimi naonekana bado, yeye haonekani.

Alisema maneno mengi leo. Sitayaandika.

Ijumaa, 21 Machi

Jambo kubwa. Giza lilipoanza, kigari cha kusukuma kilisimama mlangoni. Nyuma yake mkwe wangu Vital Kambale mwenyewe, ameshika kofia mkononi. Juu ya kigari, katoni zilizofunikwa kwa turubai.

Alisema askari wanazunguka kutafuta maduka ya watu wa Kivu. Vita imetoka upande ule, kwa hiyo kila mtu wa kule ni adui, hata muuza sabuni aliyekaa hapa tangu kijana. Mchana watu wamemwonyesha kidole barabarani. Mke wake Katungu amekwenda kwa Paulin na Annie, kule mtaa wa Kamalondo. Yeye hawezi kwenda huko, wanamjua. Akaniomba mahali pa kulala na pa kuweka hizo katoni. Aliomba vizuri, akiangalia chini.

Mkwe hafukuzwi. Nikamwambia aingie. Katoni tumezisukuma chini ya kitanda, nyuma ya masega yangu na kando yake. Yeye atalala sebuleni. Mama Annie akampa blanketi letu jipya, lile ambalo mimi sijaruhusiwa kulitumia.

Nimefikiri sana baadaye. Mpinzani wangu ndani ya karakana yangu! Ataona siri zote. Je, ni mbinu? Hapana, uso wake haukuwa wa mbinu. Lakini nitakuwa macho.

Jumapili, 23 Machi. Matawi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sina shamba. Nimempa mwiko akoroge nta. Anakoroga vibaya, kama anakoroga bukari, kwa nguvu, anaingiza mapovu. Nimemwambia. Akasema ndiyo mukwe, akaendelea vilevile.

Shida ya leo: kalibu. Mshumaa wa Pasaka lazima uwe mrefu. Nina kipande cha bomba la plastiki la maji, kirefu na kinene kama mkono wangu. Juzi nilimimina jaribio ndani. Leo lilikuwa tayari, gumu, zuri. Likakataa kutoka. Nikavuta. Nikapiga bomba kwenye ukuta. Nikamimina mafuta ya mawese juu, yakaishia kwenye shati langu. Nikamwambia mkwe ashike upande ule, mimi upande huu, tuvute. Tulivuta. Tulianguka sote wawili. Mshumaa ulibaki ndani, umetulia.

Yeye, bado chini, akasema kwa nini tusilipasue bomba kwa urefu, tulifunge kwa mipira ya baiskeli wakati wa kumimina, na tulifungue nta ikipoa? Na mafuta tupake ndani kabla, si baada. Nilimjibu kwamba hilo nililifikiria tangu jana, nilikuwa nataka kuona kama naye atalifikiria.

Nyuki wameongezeka. Mama Annie amehamia kwa jirani kulala. Amesema kitanda kina wapangaji wengine. Mimi nalala jikoni.

Jumanne, 25 Machi

Bomba limepasuliwa na kufungwa kwa mipira. Nta safi inatosha. Kilichobaki ni utambi. Wa fulana unatoa moshi. Uzi wa kushonea ni mwembamba. Nilikaa nikiumiza kichwa. Ndipo mkwe alipokwenda kuoga, nami nikaingia chumbani taratibu, kati ya nyuki, kuchukua masega machache ya akiba. Pembe ya katoni moja ilikuwa imefunguka. Mishumaa!

Sikuiba. Hilo liandikwe wazi. Mshumaa ni nta, na nta sikuigusa. Nilichukua tambi tu. Utambi wa kiwandani, uliosukwa kwa mashine, wa pamba halisi! Nimepasha kila mshumaa kidogo juu ya mvuke, nikauvuta utambi kwa koleo kama mtu anayeng'oa jino, nikaurudisha mshumaa katika katoni, msafi, mzima, wenye tundu dogo tu katikati ambalo hakuna atakayeliona.

Tambi ni fupi. Mshumaa wangu ni mrefu. Nimeziunganisha kwa mafundo. Fundo la reli, halifunguki kamwe.

Mkwe alirudi kutoka kuoga akaniuliza mbona natabasamu. Nikasema ni Wiki Kuu, Mkristo anatabasamu kwa ndani na kidogo kwa nje.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimemimina mshumaa mkubwa, na leo ndiyo siku walipotaka kuuharibu.

Nta ilitaka kupoa polepole. Ikipoa ghafla inapasuka, hilo nimelijifunza kwa makopo mengi. Kwa hiyo nilifunga milango na madirisha yote, nikalizungushia bomba magunia. Ndani joto, moshi, masizi. Mkwe alikuwa kwenye mbabula akiyeyusha nta ya kuongezea juu, maana nta ikipoa hushuka katikati na kuacha shimo. Alikuwa mweusi uso mzima kwa masizi, amejifunga kilemba cha Mama Annie kichwani. Mlango ukapigwa teke. Ukafunguka. Upepo ukaingia!

Askari. Kiongozi wao akauliza kwa Kilingala yuko wapi mfanyabiashara wa Kivu, wanajua ameingia mtaa huu na mali yake. Nilikasirika mno. Si kwa swali, kwa mlango. Nikamwambia afunge, kazi ya Kanisa inapoa. Akamwonyesha mkwe kwa bunduki, akauliza huyu nani. Nikamjibu ukweli niliokuwa nao moyoni siku zote hizi.

"Huyu ni mufanyakazi yangu, na kazi haijue."

Askari akamwangalia mkwe anavyokoroga. Akaamini. Kisha mmoja wao akaingia chumbani, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda hadi begani. Chini ya kitanda mkono wake ulikuta kwanza masega.

Nyuki wangu! Walitoka wote pamoja. Askari akatoka chumbani akipiga kelele, kofia yake ikabaki ndani, wenzake wakamfuata, nyuki wakawafuata wote hadi barabarani na mbali zaidi. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mkwe akakaa chini penye makaa, akafunika uso kwa mikono, mabega yakitetemeka. Nilidhani anacheka, nikamwambia nta inaungua. Hakuwa anacheka. Mama Annie aliporudi alimletea maji, akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipoacha kupokea mshahara.

Mimi nilikuwa na huzuni yangu. Kwa sababu ya ule mlango kuachwa wazi, mshumaa umepata ufa, kutoka juu hadi karibu katikati.

Ijumaa, 28 Machi. Ijumaa Kuu

Ufa umezibwa kwa kijiko cha moto. Kijiko cha Mama Annie, kile cha sherehe. Mkwe alishika mshumaa, mimi nikapitisha kijiko. Hauonekani, ukisimama mbali.

Halafu nikaulaza juu ya kabati upumzike. Juu ya kabati la jikoni ni bati la paa, hakuna dari, na leo jua lilikuwa kali kati ya mvua mbili. Mchana nikaushusha. Umepinda kama ndizi. Nilikaa chini. Nasema kweli, machozi yalinitoka. Nilimwona mtoto anaitwa Vital, Vital, Vital, hadi atakapokuwa na ndevu.

Mkwe hakucheka. Akatafuta beseni la kufulia, akaweka maji ya uvuguvugu, tukaulaza humo, tukaugeuza polepole kama mgonjwa, kisha tukauviringisha juu ya meza pamoja, yeye mwisho ule, mimi huku, hadi ukanyooka. Ilichukua mchana wote. Alinisimulia jinsi baba yake alivyotembea kwa miguu na mizigo ya kahawa. Nilimsimulia habari za taa za reli. Ni mtu wa kuongea naye, ukiacha jina lake.

Nimejiuliza kwa nini anisaidie kumshinda. Labda anataka nimhurumie. Hatafaulu.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

NIMESHINDA. Naandika yote kwa utaratibu.

Mkesha ulianza mapema, kabla ya giza, kwa sababu ya askari barabarani. Umeme hakuna mjini. Nje ya kanisa moto ukawashwa. Padri Désiré akachonga kwenye mshumaa wangu msalaba na mwaka, kisu kikaingia vizuri, nta haikumeguka. Nilisimama mbele. Mkwe, tuliyempitisha vichochoroni, alisimama nyuma yangu amevaa koti lake jeupe la sikukuu, na mfuko wa koti umevimba. Nilijua kilichomo: mshumaa wake wa Zambia, unasubiri.

Ukawashwa. Ukawaka! Tukaanza kuingia. Hapo nikaona jambo ambalo sikulipenda. Utambi ule ni wa mishumaa midogo. Kwenye mshumaa mnene ulikuwa unayeyusha katikati tu, na mwali ukawa unashuka, unashuka, kama mtu anayeteremka kisimani. Tulipofika mlangoni mwali hauonekani tena, ni mwanga tu ndani ya shimo la nta.

Kisha upepo wa mvua ukaja. Mishumaa midogo ya watu wote ikazimika kwa pamoja. Kelele, watoto wanalia. Wangu haukuzimika! Ulikuwa umejificha shimoni, upepo haukuufikia. Watu wakaja wakachovya vijiti, wakawasha mishumaa yao upya kwa wangu, mtu baada ya mtu. Padri akasema kwa sauti kwamba huu ndio utengenezaji wa zamani. Sikumkosoa.

Wimbo mkubwa ukaanza. Padri aliuimba kwa Kilatini kwa heshima ya nta yangu. Alipofika mahali pa nyuki, mwali ukakuta fundo. Ukasita, nta iliyoyeyuka ikaufunika. Ukazimika.

Padri akakatiza wimbo. Nilisikia mkwe akitoka mahali pake. Nikafumba macho. Alikuwa na haki, tulikubaliana. Nikamsikia anaingiza mkono mfukoni, na nikaanza kumuaga mjukuu wangu Rigobert.

Nilipofungua macho, mkwe alikuwa ameuinamisha mshumaa wangu, anamwaga nta ya moto kwenye kiganja chake mwenyewe, akafukua utambi kwa ukucha, akauwasha kwa kiberiti. Ndicho kilichokuwa mfukoni: kiberiti, na mkate kwa ajili ya baadaye. Hakurudi mahali pake. Aliushika hivyo, umeinama, nta ikitiririka kwenye mkono wa koti jeupe, hadi wimbo ukaisha.

Kisha ubatizo. Annie akamleta mtoto. Padri akauliza jina. Paulin akamtazama baba yake. Katungu akamtazama. Mimi nilitazama sakafu. Mkwe akasema, bado kiganja chake kikiwa na nta:

"Rigobert. Mumbere Rigobert."

Baadaye uani nilimvuta kando, nikamwambia kwa uungwana kwamba kwa kweli mshumaa ulizimika kidogo. Sikutaka aseme kesho kwamba sikujua. Kuzimika kidogo si kuzimika, lakini mtu awe mkweli. Akanishika mkono kwa mkono wake mzima.

"Mukwe, ile siku ya basoda ulisema miye ni mufanyakazi yako. Ungesema jina yangu, leo ningekuwa wapi? Mutoto abebe jina ya ule alinificha."

Sikumwelewa. Nilisema vile kwa askari kwa sababu hajui kukoroga. Lakini mtu akikupa jina hubishani naye. Nilimshika mkono hivyo hivyo, nikalia kidogo. Moshi ulikuwa mwingi uani.

Hitimisho langu ni wazi: nta ya nyuki imemshinda mfanyabiashara wa jumla. Rigobert amelala na uzito wake ni mzuri sana.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana waasi wameingia. Jiji zima lilikuwa barabarani, watu wanapunga matawi na vitambaa, watoto juu ya kuta. Askari wa zamani hawaonekani, magwanda yao yamejaa kwenye mitaro. Hakuna anayejua nchi itaitwaje kesho. Mama Annie amerudi kulala nyumbani. Nyuki wamehamia kwa yule jirani wa shavu.

Leo mkwe amefungua depo yake. Nilikwenda kumsaidia kupanga katoni, kama ndugu. Mteja wa kwanza akarudi baada ya muda mfupi ameshika mshumaa. Hauna utambi! Akaleta mwingine. Hauna. Mkwe akautazama mshumaa, akauinua juani, akachungulia katika tundu, kisha akanichungulia mimi kupitia tundu hilohilo. Nilimwambia viwanda vya siku hizi vimeharibika sana, ni hali ya dunia. Alikaa juu ya gunia lake la chumvi akacheka kama siku ile ya kwanza.

Alipotulia, nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, kama yuko tayari kubishana tena kwa ajili ya mtoto wa pili. Akasema hakuna haja. Kwao mwanaume wa kwanza ni Mumbere, na wa pili ni Kambale. Yeye mwenyewe ni wa pili kwao. Akizaliwa wa kiume, jina lipo tayari, halihitaji mshumaa.

Nilisimama pale na katoni mikononi. Kambale! Kumbe! Amenipa wa kwanza kwa moyo mweupe ili amchukue wa pili bila jasho. Kiganja kilichoungua, koti lililoharibika, machozi kwenye makaa, yote ni hesabu! Na mimi nilimhurumia. Ningejua, ningemwachia huyu nikamsubiri yule.

Lakini hajanishinda. Wa pili naye atahitaji jina la kanisa, na Rigobert wawili katika nyumba moja si dhambi. Nimepita kwa Mwaba, ameniwekea ndoo tatu za masega. Nimepita kwa Padri Désiré, nimemwahidi mishumaa ya Noeli ya parokia nzima. Alinishukuru, kisha akauliza kama treni bado hazijaanza.

Mama Annie ameniuliza tambi za mishumaa yote hiyo nitazitoa wapi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Jumapili mkwe anakwenda Sakania kuona kama treni zimeanza, na ufunguo wa depo ameniachia mimi.